Jinsi ya kufuatilia kielezi cha Kiingereza mpaka kwao Kilatini, tukianza na "obviously"

Kuna neno moja wazungu hawamalizi dakika mbili za maongezi bila kulitamka, "obviously". Sisi tungesema ni wazi, au ni dhahiri, au inajulikana bwana. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu, siku moja kaniuliza kaka hili neno asili yake wapi, nikamjibu chapchap, Kilatini. Akauliza tena, sawa Kilatini, lakini huko kwao lilikuwa linasemaje? Nikaona nimempa mtoto jina la mji bila mtaa wala nyumba. Usiku ule nikashika simu na daftari nikalifuata neno hatua kwa hatua mpaka mlangoni kwake, na nilichokikuta huko kilinifanya nichelewe kulala, kwahiyo naiandika hapa njia niliyopita ili na wewe upite, iwe kwa neno hili au kwa kielezi kingine chochote chenye damu ya Kilatini.

Vifaa kwanza. Kujua Kilatini si lazima, unahitaji bando kidogo, daftari, na uvumilivu. Kwa kuanzia kuna Etymonline na Wiktionary, kamusi za mtandaoni zinazoonyesha asili ya maneno, zote bure. Kwa Kilatini chenyewe kuna kamusi ya Lewis na Short ya mwaka 1879, ni ya zamani lakini nzito, na inasomeka bure kwenye tovuti ya Perseus ya Chuo Kikuu cha Tufts huko Marekani. Kwa Kiingereza cha karne za kati Chuo Kikuu cha Michigan wameweka kamusi yao yote wazi. Ile kubwa ya Oxford, iliyoanza kutoka vipande vipande 1884 ikaja kukamilika 1928, inalipiwa, ila kama uko chuo waulize maktaba maana baadhi ya maktaba zimeshalipia na wanafunzi wenyewe hawajui. Sharti langu ni moja tu, chochote utakachokisoma kwenye kamusi moja kakihakikishe kwenye nyingine kabla hujakiandika kwa wino.

Haya. Hatua ya kwanza, kata mkia.

Vielezi vingi vya Kiingereza vinaishia na -ly, na huo mkia si wa Kilatini hata kidogo, hapo ndo wengi wanapotea mapema kabisa. Kwenye Kiingereza cha Kale ulikuwa -lice, na umetokana na neno lic, maana yake mwili. Wajerumani mpaka leo wanamalizia maneno na -lich, na maiti wao wanaiita Leiche, Waholanzi nao lijk kwao ni maiti na -lijk ni mkia wa maneno. Yaani zamani ukisema jambo ni "-ly" ulikuwa unasema lina mwili wa kitu fulani, lina umbo lake, linafanana nacho, na ndo maana hata "like" ya Kiingereza ni ndugu wa damu wa huo mkia. Kwahiyo usiende kutafuta "obviously" nzima kwenye kamusi ya Kilatini ukategemea kuipata. Kata -ly, unabaki na "obvious", kivumishi, na hicho ndo unakwenda kukisaka.

Sasa utajiuliza, wenyewe wa Kilatini mkia wao ulikuwa nini? Hapa nakaa kidogo maana ni sehemu naipenda kupita zote. Walikuwa na vimikia vifupi, verus ni kweli au -a kweli, vere ni kwa kweli. Lakini mtaani baadaye watu wakazoea kutumia neno mente, yaani kwa akili, kwa moyo, wakawa wanasema clara mente, kwa akili iliyo wazi. Polepole lile mente likaacha kuwa neno likawa mkia, Wahispania wakapata claramente, Wafaransa clairement. Na alama ya kidonda bado ipo, Mhispania akiweka vielezi viwili pamoja anasema clara y lentamente, la kwanza linabaki bila mkia, kama vile mente ni neno linalojitegemea lililowekwa mara moja mwishoni kwa niaba ya wote wawili. Sasa sikiliza sisi tunavyosema: kwa moyo mkunjufu, kwa moyo mmoja, kwa nia njema. Ni kitu kilekile! Sisi tu hatujaubana mpaka ukawa mkia. Mswahili anayesoma clara mente hahitaji kuelezwa sana, kishaelewa.

Hatua ya pili, kivue kivumishi koti lake. Koti ni kile kipande cha mwisho kinachofanya neno liwe kivumishi, na kwa Kilatini yako machache ukiyazoea unayatambua hata usingizini. -al ni -alis, ndo iko kwenye "really", kutoka realis, na ndani yake kuna res, kitu, kwahiyo "really" kiasili ni kwa jinsi ya kitu chenyewe, si maneno matupu. -ate na -ite ni -atus na -itus, zinaonyesha kitu kimeshafanyiwa tendo, kama ile -wa yetu ya kufanywa. -ous mara nyingi ni -osus, maana yake iliyojaa, curiosus ni mtu aliyejaa cura, yaani uangalifu na kuhangaikia mambo, ndo ikazaa "curiously". Ila angalia hapa, -ous ya "obvious" sio hiyo ya kujaa. Kilatini chake ni obvius, wakabadilisha -us wakabandika -ous ili ifanane na wenzake, basi. Utajuaje? Kwa macho hutajua, ni mpaka ufungue kamusi uone kama kuna obviosus, na hutaikuta.

Hatua ya tatu ni kulisoma ingizo la kamusi ya Kilatini bila kuchanganyikiwa, na hapa nilipoteza saa nzima mwanzoni kwasababu hakuna aliyenielekeza. Kamusi za Kilatini hazikupi kitenzi kama sisi tunavyosema ku-fanya, zinakupa "nafanya". Ukitafuta agere, kutenda, utaikuta chini ya ago, natenda. Alafu mbele yake wanakuwekea maumbo kama manne hivi, ago, agere, egi, actum, usiyaruke hayo, maana Kiingereza mara nyingi kimeiba lile la mwisho. "Actually" imetoka kwenye act-, na ukiangalia ago peke yake utasema hivi vitu vinahusiana vipi. Nomino nazo hivyohivyo, tempus ni wakati, lakini umbo lake la pili ni temporis, na "temporarily" imejengwa juu ya tempor-, sio juu ya tempus. Kwahiyo kanuni ndogo, kwa kitenzi angalia umbo la mwisho, kwa nomino angalia la pili.

Na sauti zinabadilika ukibandika kiambishi mbele. agere ukiiwekea ex- inakuwa exigere, kudai au kupima, na umbo lake la mwisho ni exactum, umeshaiona "exactly" hapo. facere, kufanya, ikiwekewa per- umbo lake la mwisho linakuwa perfectum, kilichofanywa mpaka kikakamilika. in- mbele ya p au m inakuwa im-, mbele ya l inakuwa il-. Haya yasikutishe, wewe mwenyewe unasema chakula na sio kiakula, unasema ndimi wakati moja ni ulimi, na hujawahi kukaa chini ukafundishwa kwamba n ikikutana na l inazaliwa nd. Sikio linalojua hayo linaweza kujifunza na haya.

Hatua ya nne ndo tunaingia ndani. obvius ni maneno mawili, ob na via. via ni njia. ob ni mbele ya, kuelekea, kukabili. Wakasema obviam ire, kwenda kukutana na mtu njiani, na sisi neno letu lipo, kumlaki. Kwahiyo obvius ni kile kilichokuja kukulaki njiani, kipo mbele yako, unapita utakutana nacho tu. Kwenye vitabu vya Kilatini hata adui anayekukabili barabarani anaweza kuitwa obvius. Sasa fikiria, mtu akikwambia "obviously" anakwambia hili jambo limesimama katikati ya barabara, huna haja ya kuingia porini kulitafuta. Na dhahiri yetu nayo ina safari ya aina hiyo, ni Kiarabu, kilichojitokeza nje kikaonekana, na herufi za mzizi wake ndo zilezile za adhuhuri, saa ambayo jua limejidhihirisha kuliko saa zote.

Ukishafika kwenye mzizi usiondoke, kaa uulize ndugu zake. Hii hatua watu wanaidharau na mimi naona ndo inayothibitisha kama umefika nyumba sahihi au la. Ndugu wa via: "previously", prae ni mbele, kilichotangulia njiani. "deviously", de via, nje ya njia, mtu aliyepinda. "Viaduct", daraja la kupitisha njia juu. Na ile invoisi unayodaiwa ofisini, nayo ni humuhumu, ilitoka kwenye Kifaransa envoyer, kutuma, ambayo ilitoka kwenye Kilatini cha baadaye inviare, kutia njiani. Ukiona ndugu kumi wote wana njia tumboni mwao, unajua hujadanganywa.

Kuna ndugu mmoja anahitaji tahadhari, "trivially". tri ni tatu, trivium ni mahali njia tatu zinapokutana, njia panda yetu. Kuna hadithi tamu inasema watu wakikutana njia panda wanapiga soga za kipuuzi, ndo maana "trivial" ni kitu kisicho na uzito. Kilatini trivialis kweli ilikuwa na maana ya kitu cha kawaida cha mtaani. Lakini pia vyuo vya karne za kati viliita trivium masomo matatu ya mwanzo, sarufi, balagha na mantiki, na "trivial" ya Kiingereza ilipoanza ilihusu masomo hayo. Zote mbili zimo. Ukimsimulia mtu hadithi ya soga peke yake kwasababu ni tamu umemnyima nusu ya ukweli, na mimi naomba sana, ukifanya kazi hii usichague kwa utamu.

Hatua ya tano, jua neno lilipita mlango gani kuingia Uingereza. Milango mikubwa ilikuwa miwili. Mmoja ni Kifaransa, baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno ya mlango huu yameliwa njiani, yamekwanguka, huwezi kuyatambua. Wa pili ni wasomi, hasa karne ya 16 na jirani zake, waliochukua neno moja kwa moja kitabuni likiwa bado na nguo zake zote. "Obvious" ni wa mlango huu wa pili, iliingia mwishoni mwa karne ya 16, na mwanzoni ilimaanisha kitu unachokutana nacho mara kwa mara, maana ya kitu kilicho wazi ikafuata miongo kadhaa baadaye. Unaona ilivyokuja na njia yake mkononi.

Mfano mzuri wa milango yote miwili ni "surely" na "securely". Zote ni securus, se- ni bila, cura ni wasiwasi, yaani bila wasiwasi. Moja ilipita Ufaransa ikaguguna sauti za katikati mpaka ikabaki "sure", nyingine ikaja baadaye moja kwa moja ikiwa nzima. Neno moja, safari mbili, na leo zina maana mbili tofauti. Ukiwa na neno fupi lisilofanana na Kilatini chochote usikate tamaa, kaulize Kifaransa cha Kale.

Na hapo ndo tunafika kwa "very", ambayo haina hata mkia wa kukata. Kilatini verus, kweli. Inadhaniwa mtaani kulikuwa na umbo kama *veracus, na hicho kinyota mbele ukikiona kwenye kamusi maana yake hakuna maandishi yoyote yanayolionyesha, wataalamu wamelijenga kwa kurudi nyuma, kwahiyo ukinukuu usikiache. Kutoka hapo Kifaransa cha Kale verai, ambayo leo ni vrai, na Kiingereza wakaichukua kama verray. Chaucer, mshairi wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1400, anamwita shujaa wake wa farasi verray, na hakumaanisha "sana", alimaanisha "wa kweli". Baadaye ndo likageuka kuwa la kukolezea tu. Sasa niambie, sisi tunasemaje? Mzuri kweli. Amechoka kweli kweli. Kweli imeacha kuapa imekuwa ya kukoleza, safari ileile ya verus, na hakuna aliyemuiga mwenzake, ni akili za watu tu zinapita sehemu moja. Na ukitaka kuona "very" ikiwa bado na maana yake ya kwanza fungua Biblia ya Kiingereza ya 1611, Yesu anasema "verily, verily", pale ambapo sisi tunasoma amin, amin, nawaambia.

Sasa mitego, maana iko mingi na mimi nimeshanasa.

Kufanana sio undugu. Kilatini dies ni siku, Kiingereza "day" ni siku, na hawana undugu wowote. habere ni kuwa na, "have" ni kuwa na, hawana undugu. Inauma lakini ndo hivyo. Kanuni iliyoelezwa na Jacob Grimm, mtaalamu wa lugha Mjerumani, mwaka 1822 inasema maneno ya asili ya Kijerumani na Kiingereza yamegeuza sauti, k ya Kilatini (wao waliiandika c) kwao ni h, p ni f, d ni t. centum kwa "hundred", cornu kwa "horn", pater kwa "father", duo kwa "two". Ndugu halisi wa "have" ni capere, kushika. Kwahiyo neno la Kiingereza likifanana mno na la Kilatini, ama limeazimwa ama ni bahati tu, undugu wa kuzaliwa huwa unajificha. "Street" nayo imeazimwa, zamani sana, kutoka via strata, njia iliyotandikwa mawe, na wanaisimu wengi wanasema strata hiyohiyo ilipita Mashariki ikaingia Kiarabu ikawa sirat, ile tunayoisoma kwenye sura ya Al-Fatiha. Nilipoiona hiyo nilinyamaza kama dakika nzima.

Mtego mwingine, maneno machotara. "Perhaps" watu wanaliona per wanasema Kilatini tayari. per ni ya Kilatini kweli, lakini hap ni neno la Waskandinavia wa zamani, bahati, ndo lilizaa "happen" na "happy". Mwenzake "perchance" ndo wa Kilatini kamili, kupitia Kifaransa, na ndani yake kuna cadere, kuanguka, kama dadu inavyoanguka. Kwahiyo kila kipande cha neno kihoji peke yake.

Na maana ya leo isikudanganye. "Presently" zamani ilikuwa sasa hivi, ikaja kuwa punde kidogo. Usishangae, labda yetu imetoka Kiarabu la budda, hakuna budi, lazima, na leo ukimwambia mtu labda nitakuja anajua huji. Ndo maana kwenye daftari kila maana iandikie karne yake pembeni, usirukie kutoka Roma mpaka leo kwa mruko mmoja.

Mimi naandika hivi, mstari mmoja kwa neno: obviously, toa -ly (mwili, ya Kiingereza chenyewe), obvious (mwisho wa karne ya 16, mlango wa wasomi), obvius, ob + via, kilichokuja kukulaki njiani, ndugu: previously, deviously, invoisi. Mstari huo nilimpa mdogo wangu akausoma mara mbili alafu akaniuliza, na "immediately" je? Nikampa simu na daftari akafanye mwenyewe. Akakata -ly, akavua -ate, akaona im- kumbe ni in-, isiyo, na katikati kabakiwa na medius. Akaja kuniita jikoni, kaka, medius ni kati, hakuna kitu katikati, sasa hivi na sasa hivi.

Sasa hivi anafukuzana na "absolutely", kashafika kwenye solvere, kufungua fundo.